M'Siri wa Bunkeya: mwami aliyekataa bendera, na karatasi zilizogawa udongo wake kabla hajafa

LIKASI – Mwenye kiwanja Likasi, Kambove au kando ya mto Lufira anasimama juu ya udongo ambao sheria imeukata mara mbili. Juu kuna haki moja, ya nyumba na shamba. Chini kuna haki nyingine, ya madini, na hiyo inaweza kuwa mikononi mwa kampuni ambayo mwenye nyumba hajawahi kuiona. Mkato huo haukutoka kwa wazee wetu. Uliletwa na karatasi chache zilizoandikwa kati ya 1885 na 1891, wakati sehemu kubwa ya Katanga ya kusini ilikuwa chini ya mtu mmoja: Mwami M'Siri wa Bunkeya.

Watu wengi wanajua namna M'Siri alivyouawa. Wachache wanajua kwamba siku ile alipoanguka, nchi yake ilikuwa imekwisha kugawanywa Brussels tangu miezi tisa. Hii ndiyo habari ya maisha yake, na ya sheria zile.

Mtoto wa mfanyabiashara wa shaba

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ngelengwa. Alizaliwa karibu na mwaka 1830 upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kuja huku kutafuta shaba, na alifanya undugu wa damu na machifu wa nchi. Mtoto alifuata njia ya baba. Katika miaka ya 1850 Ngelengwa alifika na kundi dogo la wenzake. Walikuwa wawindaji wa tembo na wanunuzi wa shaba, na walibeba bunduki, silaha iliyokuwa haba sana huku wakati ule. Wakajulikana kwa jina la Bayeke.

Nchi waliyoikuta ilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na chifu Katanga, ambaye jina lake limebaki kwa jimbo zima. Kulikuwa na Mpande, mkubwa wa Basanga. Watu wao walijua kuchimba mawe ya kijani, kuyayeyusha kwa makaa na mivukuto, na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilitumika kama feza na kulipia mahari, na ilisafiri mbali sana. Machimbo ya Kambove na Likasi yalifanywa kazi vizazi vingi kabla ya Mzungu wa kwanza kupita hapa.

Uchimbaji wenyewe ulikuwa na kanuni zake. Watu walichimba wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, kwa ruhusa ya chifu na baada ya kuwaomba mababu. Hakuna chimbo lililokuwa la bure, na hakuna lililokuwa mali ya mtu mmoja wa kuuza.

Bunduki za Bayeke ziliwafaa machifu wa hapa. Mpande alikuwa akishambuliwa na Baluba, na Ngelengwa akamsaidia kuwarudisha nyuma. Mgeni mwenye nguvu hakurudi kwao tena. Kidogo kidogo alipanda juu ya wale waliomkaribisha, akachukua jina la M'Siri na cheo cha mwami. Nchi yake iliitwa Garenganze, na karibu na 1880 mji wake mkuu ukawa Bunkeya, mji mkubwa uliopokea wageni kutoka bahari zote mbili.

Mtawala mkali, lakini udongo ulikuwa na wenyewe

Tusimpake M'Siri mafuta. Misafara yake ilipeleka pembe za tembo, shaba, chumvi na watumwa hadi Benguela kwenye Atlantiki, na upande mwingine hadi pwani ya Zanzibar. Ilirudi na bunduki, baruti na vitambaa. Aliwatoza Basanga na majirani wao kodi nzito, na adhabu zake ziliogopwa. Alioa wake wengi kutoka kila sehemu ya ufalme, kwa sababu kila ndoa ilifunga ukoo mmoja kwake. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alitoka katika jamaa ya wafanyabiashara Wareno wa Angola.

Hata hivyo, utawala wake haukufuta haki ya watu juu ya udongo. M'Siri alidai pembe, shaba na utii. Aliweka watu wake kusimamia mikoa, na machifu waliomtii aliwapa kombe la baharini kama alama ya cheo. Lakini chifu wa zamani alibaki ndiye anayejua mipaka, anayeomba mvua, anayeonyesha mtu mahali pa kulima. Mwami alikula matunda ya nchi. Hakusema kwamba shamba lililolala miaka mitatu halina mwenyewe.

Neno hilo lilisemwa na wengine, mbali na Bunkeya.

Karatasi ya Vivi

Mkutano wa Berlin uliisha Februari 1885. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akapata Dola Huru ya Congo, ile wazee wetu waliyoiita Bula Matari, na ramani zake ziliingiza Katanga ndani. Tarehe 1 Julai 1885, huko Vivi, karibu na mdomo wa mto Congo, msimamizi mkuu wa Dola, Mwingereza Francis de Winton, alitoa amri fupi juu ya ardhi.

Amri hiyo ilikuwa na mambo mawili mazito. La kwanza: tangu siku ile, mapatano yoyote na wenyeji juu ya kukaa katika kipande cha udongo hayatatambuliwa na Leta, isipokuwa yamefanywa mbele ya afisa wake. La pili: hakuna mtu anayeweza kukalia ardhi tupu bila hati, wala kuwaondoa wenyeji katika ardhi wanayoikalia, na ardhi zote tupu ni mali ya Leta.

Mtu akisoma haraka, anaona sheria inayolinda mwenyeji. Lakini uzito wote uko katika neno tupu. Kwa mkulima wa huku, shamba lililoachwa lipumzike si tupu. Msitu wa kuwinda si tupu, mto wa kuvua si tupu, na mlima wa shaba unaongoja kiangazi si tupu. Kwa mwandishi wa Leta, pasipo nyumba wala mimea palikuwa hapana mtu.

Karatasi nyingine zilifuata. Mwezi wa Agosti 1885 Leta iliweka daftari la kuandikisha ardhi, na asiyeandikwa humo hakuwa na hati. Mwaka 1886 ilisema kwamba ardhi zinazokaliwa na wenyeji zitaendelea kufuata desturi chini ya machifu wao. Mwaka 1888 ilitenga madini na udongo wa juu: mwenye shamba hakuwa tena, kwa sababu hiyo tu, mwenye kilicho chini ya shamba.

Mwezi wa Februari 1886 mmisionari Frederick Arnot alifika Bunkeya, na M'Siri akampa mahali pa kujenga. Kwa desturi ya nchi, neno la mwami lilitosha. Kwa karatasi ya Vivi, iliyokuwa na miezi saba tu, neno lile halikuwa na thamani yoyote. M'Siri alikuwa akigawa udongo ambao, kwa hesabu ya watu asiowajua, hakuwa tena na uwezo wa kuugawa.

Wageni wenye bendera

Habari za shaba, na uvumi wa dhahabu, ziliwaleta wengine. Mwezi wa Novemba 1890 alifika Alfred Sharpe kwa niaba ya Waingereza wa kampuni ya Cecil Rhodes, akiwa na mkataba mkononi. M'Siri alikataa kutia alama. Mwezi wa Aprili 1891 alifika Paul Le Marinel, Mbelgiji wa Leta. Bendera yake mwami hakuitaka, ila Wabelgiji walipata kujenga posti ndogo kwenye mto Lofoi. Baadaye mwaka uleule, Alexandre Delcommune naye alikuja na kuondoka bila kitu.

Hapo tunaona watu wawili wasioelewana juu ya neno moja. Kwa M'Siri, mgeni aliyepewa mahali pa kukaa anabaki chini ya aliyempa, kama yeye mwenyewe alivyoanza kwa Basanga. Kwa Leta, posti ya Lofoi ilikuwa ushahidi wa kuikalia nchi, wa kuonyesha Waingereza.

Wakati huo Brussels haikungoja jibu la mwami. Tarehe 12 Machi 1891 Leta ilifanya mapatano na watu wa mitaji, na mwezi uliofuata ikazaliwa Compagnie du Katanga. Kampuni ilipaswa kuikalia nchi na kuichunguza. Malipo yake yalikuwa theluthi moja ya ardhi zote za Leta katika Katanga, pamoja na haki ya madini ndani yake kwa miaka 99. Ukihesabu miaka 99 tangu siku ile unafika 11 Machi 1990.

M'Siri hakuitwa na hakuulizwa. Jina lake halikuhitajika, kwa kuwa amri ya 1885 ilikuwa imekwisha kusema ardhi hizo ni za nani.

Tarehe 20 Desemba 1891

Kampuni ilimtuma nahodha William Stairs, mzaliwa wa Canada, na msafara wa mamia ya watu kutoka pwani ya Zanzibar. Waliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Waliukuta mji katika njaa na vita: Basanga walikuwa wamechoka na utawala wa Bayeke, wakaasi, na baruti ilikuwa imepungua. Mwami alikuwa mzee, na nguvu zake zilikuwa zikimwisha.

Stairs alitaka bendera ya Leta ikubaliwe. M'Siri alizungusha maneno siku kadhaa, kisha bendera ikapandishwa bila idhini yake, naye akaondoka usiku kwenda kijiji cha karibu. Tarehe 20 Desemba Stairs aliwatuma maofisa na askari wamlete. Mzozo ukalipuka, na nahodha Omer Bodson akampiga M'Siri risasi. Mtu wa mwami akampiga Bodson, naye pia akafa. Masimulizi yanasema kichwa cha M'Siri kilikatwa, na Bayeke hawajaacha kukiulizia. Stairs hakufika kwao: homa ilimuua mwezi wa Juni 1892 huko Chinde, akiwa njiani.

Mtoto wa M'Siri, Mukanda Bantu, alikubaliwa na Stairs kuwa mwami mpya, lakini juu ya nchi iliyopunguzwa sana. Machifu ambao baba yake aliwatawala waliwekwa moja kwa moja chini ya bendera. Mukanda Bantu alifanya kazi na Leta hadi kifo chake mwaka 1910.

Mistari ya mraba juu ya Lufira

Mwaka 1892 mjuzi wa mawe Jules Cornet alipita Katanga akaandika juu ya shaba yake, na karatasi za 1891 zikaanza kupata bei. Leta na kampuni walitaka kwanza kukata nchi vipande vya mraba, kama ubao wa dama: viwili vya Leta, kimoja cha kampuni. Mistari ile haikufuata mto wala kaburi la chifu. Kwa kuwa kazi ilikuwa ngumu, tarehe 19 Juni 1900 waliunda Comité Spécial du Katanga ili kusimamia ardhi yote pamoja na kugawana faida, theluthi mbili kwa Leta na moja kwa kampuni.

Mwaka 1906 amri nyingine ilieleza ardhi ya mwenyeji ni ipi: ile anayoikalia, anayoilima au anayoitumia kwa desturi. Mwaka huohuo, tarehe 28 Oktoba, ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga, na haki yake ya madini ilipangwa kuisha 11 Machi 1990, tarehe ileile iliyotoka katika karatasi ya 1891. Moto wa wayeyushaji wa Basanga ulizimika. Mahali pa chimbo lao ukajengwa mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa jina la injinia Jean Jadot. Likasi ilirudishiwa jina lake baada ya uhuru.

Neno linalobaki

Tarehe ya 1990 haikungojwa. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi na madini kwa Leta ya Congo huru, na mwaka 1967 Union Minière ilipoteza machimbo yake, kazi ikaenda kwa kampuni ya Leta ambayo leo tunaijua kama Gécamines. Sheria ya 20 Julai 1973 ikaweka wazi kwamba udongo wote ni mali ya Leta peke yake. Kuhusu ardhi ambazo vijiji vinazikalia kwa desturi, iliahidi kwamba amri ya rais itazipanga. Miaka mingi imepita watu wakiingoja.

Kwa hiyo mwenye mali alibadilika, lakini mpango ulibaki. Udongo ni wa Leta, madini yanatengwa na shamba, na kijiji kinakaa kwa ruhusa. Kampuni inapofika na ramani ya mraba kwenye mashamba ya Lufira au Kambove, mkulima asiye na sertifika anaulizwa swali lilelile la Vivi: je, hapa palikuwa na mtu?

M'Siri aliamini kwamba asipotia alama, hakuna kitakachotoka. Alikuwa na nguvu ya kukataa mikataba mitatu, lakini iliyomshinda ilikuwa karatasi ambayo haikuhitaji alama yake. Kila tarehe 20 Desemba Bayeke wanamkumbuka huko Bunkeya. Sisi wengine, Basanga, Balamba na waliokuja baadaye kwa kazi, tunaweza kukumbuka pia jambo moja alilolipia kwa maisha yake: haitoshi kukataa karatasi iliyo mezani. Lazima kuuliza ni karatasi gani imekwisha kuandikwa mahali pengine.