Abunuwasi: Malenga wa Divai Aliyegeuzwa Mcheshi

Ni nani katika pwani yetu asiyemjua Abunuwasi? Tangu utotoni tumesimuliwa jinsi alivyomrudishia jirani sufuria yake pamoja na kisufuria kidogo, akadai kuwa sufuria imezaa. Na alipoiazima tena, akasema imekufa. Lakini ni wachache wajuao kwamba mtu huyo aliishi kweli, na kwamba Waarabu humkumbuka si kwa hila bali kwa ushairi, hasa ushairi wa kitu kilichoharamishwa na dini yake mwenyewe. Kitu hicho ni divai.

Jina lake hasa ni al-Hasan bin Hani al-Hakami. Alizaliwa Ahwaz, upande wa Uajemi, katikati ya karne ya 8. Babake alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya huko Sham, na mamake alikuwa Mwajemi. Abu Nuwas ni lakabu tu, aliyoipata kwa ajili ya vishungi vya nywele vilivyomning'inia.

Alikulia Basra, akasoma Qurani, Hadithi na sarufi. Inasemekana ujanani alifanya kazi kwa muuza manukato, mpaka malenga Waliba bin al-Hubab alipomwona na kumchukua Kufa. Baadaye alisomeshwa na Khalaf al-Ahmar. Husimuliwa kuwa mwalimu huyo alimtaka kwanza ahifadhi mashairi mengi ya watu wa kale. Alipokwisha kuyahifadhi, akaamriwa ayasahau yote ndipo aanze kutunga. Alikaa pia jangwani na Mabedui ili kunoa Kiarabu chake.

Alipohamia Baghdad, enzi ya Harun Rashid, aliyeshika ukhalifa mwaka 786, mji ulikuwa umefurika mali na elimu. Divai nayo haikukosekana, kwani Wakristo, Mayahudi na Majusi waliiuza katika vilabu vyao, na nyumba za watawa zilikuwa na mizabibu. Kijiji cha Qutrabbul, karibu na Baghdad, kilisifika kwa divai yake. Kuhusu nabidhi ya tende, maulamaa wa Iraq walibishana. Lakini divai ya zabibu haikuwa na ubishi.

Hiyo ndiyo aliyoisifu Abu Nuwas. Alipenda ile ya rangi ya dhahabu, iliyozeeka ndani ya mitungi iliyozibwa, ikachanganywa na maji mpaka ikatoa mapovu. Malenga wa kale walikuwa na desturi ya kuanza tungo zao kwa kulilia mahame ya wapenzi jangwani. Yeye aliidhihaki desturi hiyo, akaanza na bilauri. Kwa ufasaha wake aliufungulia ushairi wa Kiarabu mlango mpya, na hata waliochukia maneno yake walikiri ustadi wake.

Lakini umaarufu huo ulimgharimu. Harun alimtia gerezani. Jamaa wa Barmaki walipoangushwa mwaka 803, aliwatungia maombolezo, kisha akaenda Misri kwa al-Khasib, msimamizi wa fedha za nchi hiyo. Al-Amin alipotawala mwaka 809, alimfanya mwandani wake. Hata hivyo, wafuasi wa al-Maamun, nduguye khalifa, walizitumia tungo za Abu Nuwas kumwaibisha al-Amin mbele ya watu, naye khalifa akamfunga malenga wake. Hata baada ya hayo, al-Amin alipouawa mwaka 813, Abu Nuwas alimlilia kwa mashairi. Naye hakukaa sana, akafia Baghdad kabla ya mwaka 815 kwisha.

Katika diwani yake zimo pia tungo za toba, zinazoomba msamaha wa Mola. Wasimulizi husema beti kama hizo zilikutwa chini ya mto wake baada ya kufa, na kwamba sahibu yake alimwota akiwa amesamehewa. Kama ni kweli, Mungu ndiye ajuaye.

Basi malenga huyu aligeukaje mcheshi? Wasimulizi wa Alfu Lela Ulela walimketisha barazani pa Harun, wakampa visa vya kila aina. Visa hivyo vilifika pwani yetu na vikachanganyika na vya Juha, ambaye naye husimuliwa kisa cha sufuria iliyozaa. Ushairi ukabaki katika Kiarabu. Kicheko kikahamia kwetu.

Huko Baghdad jina lake limepewa barabara kando ya mto Tigris, inayosifika kwa masguf, yaani samaki apasuliwaye na kuokwa kando ya moto wa kuni. Tukimsimulia Abunuwasi kwa watoto wetu, si vibaya tuwaambie pia kuwa aliishi, alipewa kipaji kikubwa, akakitumia kusifu alichokatazwa, na mwisho akakitumia kuomba radhi.