Imamu Abu Hanifa Dukani Kwake

Jina la Imamu Abu Hanifa (Mwenyezi Mungu amrehemu) mnalisikia kila tunapotaja madhehebu manne. Wengi mnamjua kwa fiqhi. Leo tumtazame dukani.

Nuuman bin Thabit alizaliwa Kufa, Iraq, mwaka 80 Hijria (699 Miladia). Ujana wake ulikuwa wa sokoni, mpaka Imamu Shaabi alipoiona akili yake akamhimiza akae na wanavyuoni. Akasoma kwa Sheikh Hammad bin Abi Sulaiman miaka 18, wala biashara hakuiacha. Aliuza khazz, nguo ya hariri iliyofumwa pamoja na sufu.

Mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman, ndiye aliyekuwa akipelekewa mizigo. Safari moja Imamu alimtahadharisha kuwa nguo fulani ina kasoro, amwonyeshe mnunuzi kabla ya kuuza. Hafs akasahau, akauza, na mnunuzi hakujulikana tena alipo. Imamu alipopata habari alitoa sadaka fedha ya mzigo mzima, si ya ile nguo moja tu!

Hata anaponunua alikuwa hivyo hivyo. Mwanamke mmoja alimletea nguo ya hariri akitaka dirham 100. Imamu akamwambia inazidi hapo, bei ikapanda mpaka 400, yule mama akadhani anachezewa. Akaitwa mtu wa kuikadiria, na Imamu akainunua kwa 500.

Sasa shikeni kalamu. Bibi kizee alimwomba amuuzie nguo kwa bei ya mtaji, kwa kuwa hana uwezo. Imamu akataka dirham 4. Bibi akaona ni dhihaka. Kumbe Imamu alinunua nguo mbili, akauza moja kwa mtaji wote kasoro dirham 4. Tuseme, kwa mfano wangu, zote mbili zilimgharimu 40: ya kwanza ikauzwa 36, basi pesa ambayo haijarudi ni 4. Mhasibu wa leo angeandika kila nguo 20, faida 16 kwa ya kwanza na hasara 16 kwa ya bibi. Jumlisheni wenyewe: imetoka 40, imeingia 40, faida hakuna. Alichokiacha Imamu ni faida yake, na bibi hakudanganywa kuhusu mtaji.

Faida nyingine alizikusanya mwaka hadi mwaka, akawanunulia mashekhe chakula na nguo. Abu Yusuf, mwanafunzi wake aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, alisoma akiwa fukara, na Imamu ndiye aliyemkimu.

Mtu anayekula kwa duka lake ni vigumu kununuliwa. Ibn Hubayra, gavana wa Bani Umayya, alimtaka awe mtumishi wa serikali. Akakataa, akachapwa viboko. Khalifa al-Mansur naye akamtaka awe kadhi. Akakataa, akafungwa Baghdad. Huko ndiko alikofariki mwaka 150 Hijria (767 Miladia), akazikwa makaburi ya Khayzuran. Mwaka huo huo, Gaza, alizaliwa Imamu Shafi, ambaye wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu yake.