Jim Thorpe: Aliyecheza kwa Jina Lake Mwenyewe

Safari hii tunawaletea maisha ya Jim Thorpe, mwanamichezo wa Marekani aliyefariki mwaka 1953. Vijana wetu wakisikia habari za mchezaji wa kulipwa, kwa kawaida hufikiria mshahara mnono na picha magazetini. Maisha ya mtu huyu yatuonyesha upande wa pili wa kazi hiyo.

Mchezo uliompatia riziki ni mpira wa Kimarekani. Huo si kandanda tuijuayo sisi. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili, wachezaji ni kumi na mmoja kila upande, nao huubeba mikononi wakikimbia huku wapinzani wakiwaangusha chini kwa nguvu. Zamani zile kinga ya kichwa ilikuwa kofia ya ngozi tu, na wengine hawakuivaa.

Thorpe alizaliwa mwaka 1887 katika nchi ambayo baadaye ikawa jimbo la Oklahoma. Alikuwa wa kabila la Sac and Fox, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, ambao vitabu tulivyosoma shuleni viliwaita Wahindi Wekundu. Kwa lugha ya kwao aliitwa Wa-Tho-Huk, yaani njia yenye mwanga. Alizaliwa pacha, walakini nduguye Charlie alifariki kwa ugonjwa wa mapafu wakiwa na umri wa miaka tisa hivi. Kabla hajawa mtu mzima, mama na baba nao walikuwa wamekwisha fariki.

Mwaka 1904 alipelekwa shule ya bweni ya Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1879 kwa nia ya kuwafanya watoto wa wenyeji waishi kama Wazungu. Walikatwa nywele, wakapewa majina ya Kiingereza, wakakatazwa kusema lugha za mama zao. Sisi tulioshika chaki miaka mingi hatuwezi kusoma habari hizo bila kusikitika. Hata hivyo, ni huko alikoujua mpira. Kocha wake, Glenn Warner, alilalamika kwamba kijana hakupenda mazoezi, lakini siku ya mechi alikuwa mtu mwingine. Mwezi wa Novemba 1911, Carlisle iliishinda Harvard, chuo kikuu chenye sifa kubwa, kwa pointi 18 kwa 15. Thorpe peke yake alipiga mikwaju minne iliyopita katikati ya milingoti.

Mwaka uliofuata alikwenda Stockholm, Sweden, kwenye Michezo ya Olimpiki. Huko alishinda pentatloni, ambayo ni mashindano ya michezo mitano, kisha akashinda dekatloni, yenye michezo kumi, kwa pointi 8,412. Alirudi nyumbani na nishani mbili za dhahabu, akapokewa kwa shangwe.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa Januari 1913 gazeti moja lilitangaza kwamba Thorpe alikuwa amecheza besiboli kwa malipo huko North Carolina, katika miaka ya 1909 na 1910. Zamani zile Olimpiki ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, wasiopokea hata senti moja. Ni kweli alikuwa amelipwa, nao ulikuwa ujira mdogo. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya vivyo hivyo wakati wa likizo, ila wao waliandikisha majina ya uongo. Thorpe alicheza kwa jina lake mwenyewe, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumkamata. Barua iliyopelekwa kwa wakubwa kwa jina lake ilikiri yote na kuomba radhi. Haikusaidia. Alinyang'anywa nishani, na jina lake likafutwa katika orodha ya washindi.

Yafaa tutazame haki ya jambo hilo. Kanuni za michezo ile zilisema kuwa malalamiko yaletwe katika muda wa siku thelathini, nayo yalikuja baada ya miezi sita hivi. Tena, shule yake ilipokea fedha nyingi za viingilio kutokana na mpira alioucheza yeye, wala hakuna aliyeiita fedha hiyo chafu. Kucheza bure humfaa mwenye mali. Yatima wa Oklahoma alihitaji kula.

Tangu hapo akawa mchezaji wa kulipwa waziwazi. Mwaka 1915 timu ya Canton Bulldogs, ya jimbo la Ohio, ilimpa dola 250 kwa kila mechi, fedha nyingi kwa siku zile. Mwaka 1920 timu kadhaa zilikutana mjini Canton kuanzisha chama kimoja, zikamchagua Thorpe kuwa rais wa kwanza. Chama hicho ndicho NFL ya leo. Katika miaka ya 1922 na 1923 aliongoza timu ya wenyeji watupu, Oorang Indians, iliyomilikiwa na mfuga mbwa. Wakati wa mapumziko wachezaji walifanya maonyesho pamoja na mbwa ili mbwa wapate wanunuzi. Hayo nayo yalikuwa sehemu ya kazi.

Alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 41. Hakuna pensheni iliyomngoja. Alichimba mitaro kwa sururu, akaigiza sehemu ndogo katika sinema, akafanya ulinzi. Pombe ilimsumbua, na ndoa zake mbili za kwanza zilivunjika. Mwaka 1950 waandishi wa habari walimchagua kuwa mwanamichezo bora wa nusu karne. Mwaka uliofuata alipougua saratani ya mdomo, ilibidi atibiwe kwa hisani. Alifariki tarehe 28 Machi 1953 huko California, katika nyumba ya magurudumu.

Baada ya kifo, jina lililofutwa likawa mali. Mjane wake alipatana na miji miwili midogo ya Pennsylvania, ikaungana mwaka 1954 na kujiita Jim Thorpe. Akazikwa huko, mbali na kwao. Wanawe walikwenda mahakamani wakitaka arudishwe Oklahoma. Mwaka 2015 shauri lilikwisha bila wao kufanikiwa.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali mwaka 1982 kumrudishia heshima, na mwaka 1983 watoto wake wakapewa nishani mpya. Bado aliandikwa kuwa mshindi pamoja na wengine. Mwezi wa Julai 2022 ndipo alipoandikwa mshindi wa pekee, miaka 110 baada ya Stockholm.

Wenye vijana wanaotaka kuishi kwa mpira, tusiwakataze. Tuwaambie mapema kwamba miguu huchoka kabla ya mtu kuzeeka, wajifunze na kazi nyingine. Nasi tunaoshangilia uwanjani tujiulize ni nani atakayemwangalia mchezaji siku hiyo itakapofika. Thorpe alisubiri haki yake tangu akiwa kijana mpaka kaburini, na alipoipata hakuwapo kuipokea.