Mama Anne Eisner, mchora picha wa Epulu

Wengi wetu tumetoka Beni tukapita Mambasa, tukashika barabara ya Kisangani mpaka Epulu, mahali panapojulikana kwa okapi. Pale kando ya mto aliishi zamani mama mmoja Mmarekani, jina lake Anne Eisner. Hakuwa mmisionari. Kazi yake ilikuwa kuchora picha.

Alizaliwa mwaka wa 1911 huko Newark, akajifunza uchoraji New York. Alikuwa amekwisha kujulikana kati ya wachoraji wa mji ule alipompenda Patrick Putnam, mtu wa kuchunguza mila, aliyekuwa na kambi Epulu: nyumba ya wageni na nyumba ya kutibia wagonjwa. Mwaka wa 1946 walifunga safari ya Kongo, na mwaka wa 1948 wakaoana.

Basi kazi za kambi zikamlemea. Wageni wale, wagonjwa watazamwe, na tena kulikuwa na watoto wachanga wa Wambuti, yatima, ambao aliwalea pamoja na wamama wa pale kwa desturi yao, mtoto akiwa na mama wengi. Wamama wetu wanajua: siku ya namna hiyo utashika brashi saa ngapi? Wenyeji wakamwita Madami.

Wakati ule watu wengi waliwadharau Wambuti, si Wazungu peke yao (na kwetu dharau hiyo haijaisha). Yeye aliketi na wanawake wao, akatazama wanavyochora mistari juu ya nguo za magome ya miti, akatambua kwamba hao nao ni wachoraji kama yeye. Akakusanya nguo hizo, akaandika na hadithi zao.

Kisha mumewe akaugua mapafu. Ugonjwa ulipozidi, hasira zikamtawala, akawatendea mkewe na wafanyakazi kwa ukali. Anne hakumwacha. Alimwuguza mpaka alipokufa, mwezi wa Desemba 1953. Hatusemi kila mke avumilie mateso. Tunasimulia alivyofanya yeye.

Mwaka wa 1954 alirudi kwao, na kitabu chake juu ya maisha ya Epulu kikatoka mwaka uleule. Mwaka wa 1957 alikuja Epulu tena, akakaa mpaka 1958. Baada ya hapo msitu haukumtoka. Akiwa mbali kule New York aliendelea kuuchora, miti yake na wanawake wake wakiwa kazini, mpaka alipofariki mwaka wa 1967.