Daktari Denis Burkitt na Seli Zisizokubali Kuzeeka

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya watawala na mashujaa wa vita. Mimi leo nimemchagua daktari wa jicho moja aliyefanya kazi yake kubwa hapa Afrika Mashariki. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, ugonjwa aliouchunguza huwapata watoto wa nchi za joto zenye malaria nyingi, na kwetu Dutumi, Mkoa wa Pwani, ni nchi ya namna hiyo. Pili, habari zake zilinipa jibu la swali la babu yangu, ambaye huuliza kwa nini mwili huchakaa hata wa mtu asiyeugua.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, na wakati wa mapumziko aliwachunguza ndege na kuchora ramani za mahali walipokaa. Denis alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe akapoteza jicho moja. Hata hivyo alisoma udaktari mjini Dublin, akahitimu mwaka 1935, kisha akajifunza upasuaji. Alipoomba kazi Afrika mara ya kwanza alikataliwa kwa ajili ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta Kenya, akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 alipata kazi Uganda, kwanza Lira, halafu Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa na daktari mwenzake amtazame mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Hakuwahi kuona jambo la namna ile. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe huo huo. Wengine wangepita tu. Yeye alisimama akauliza. Alipekua majalada ya wagonjwa, akaona kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa viungo vingine vya watoto, uliodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa saratani moja.

Ndipo akafanya kama baba yake: akachora ramani. Alipeleka barua na picha katika hospitali nyingi za Afrika. Mwezi Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaondoka Kampala, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya wiki 10 na kilometa 16,000 hivi. Waligundua kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua, na kwamba ulikuwa haba katika nchi za juu zenye baridi. Baadaye wataalamu walifahamu kuwa njia hiyo ni njia ya malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London waliona kirusi kipya katika seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda.

Sasa nirudi kwa swali la babu. Mwaka huo huo wa 1961, huko Marekani, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu, zikilelewa katika chupa, hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Kukoma huko ni breki. Seli iliyochakaa au kuharibika huzuiwa isizae nyingine mbovu. Lakini si kila iliyokoma hufa. Nyingine hukaa kama mgeni asiyeaga, zikimwaga kemikali zinazowasha jirani zake. Kijana huondolewa nyingi na walinzi wa mwili wake. Mzee humzidi, zikachangia maradhi ya viungo, mapafu na mishipa ya damu.

Saratani ya Burkitt ni kinyume chake: breki imekatika. Kirusi kile huweza kufanya seli nyeupe za damu zigawanyike bila kukoma, malaria huudhoofisha ulinzi, na jeni inayosukuma ugawanyikaji huhama mahali pake. Uvimbe huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Basi uzee, babu, ni sehemu ya bei tunayolipa kwa breki inayotulinda tangu utotoni.

Burkitt hakuishia kwenye ramani. Aliwatibu watoto kwa dawa za saratani, na baadhi yao walipona kabisa, wakati ambapo saratani ilidhaniwa ni hukumu ya kifo. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafa Uingereza tarehe 23 Machi 1993.

Wazazi wetu, vijijini husikika kwamba uvimbe wa taya ni jino tu, au mtoto amerogwa. Ugonjwa unaokua kwa siku haungoji mwezi wa mganga. Mpelekeni mtoto hospitali mapema, ili ikibidi apelekwe Muhimbili, kwa maana saratani hii hutibika ikiwahiwa. Nasi wanafunzi tujifunze kwa bwana huyu kwamba jicho moja linalouliza hushinda mawili yanayotazama tu.