Edward Steere, Mjenzi wa Kanisa la Mkunazini

Soma kifungu cha habari kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata.

Zamani, majengo makubwa ya Ulaya yalibuniwa na kusimamiwa na fundi mkuu wa mawe. Katika karne ya 17, Inigo Jones na Christopher Wren walisaidia kuufanya usanifu majengo nchini Uingereza uwe kazi ya msomi anayechora ramani, na fundi akabaki kuitekeleza. Mgawanyo huo ulimfikia Edward Steere akiwa Zanzibar.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria kabla ya kuwa padri. Wapenzi wa lugha humkumbuka kwa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha mwaka 1870. Watu wa Masasi humkumbuka kwa safari ya mwaka 1876, alipowaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Lindi, wakaanzisha makazi yao Masasi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar. Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa palepale sokoni, Mkunazini. Ramani ilitoka kwa msanifu wa Kiingereza, C. F. Hayward. Lakini ramani haichanganyi chokaa. Msanifu alikuwa Uingereza. Aliyeshinda na waashi juani ni Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Husimuliwa kwamba aliposafiri, mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, nazo zipo vivyo hivyo hadi leo.

Mtihani mkubwa ulikuwa paa. Steere aliamua kulijenga kwa umbo la upinde, kwa matumbawe na saruji, bila nguzo za kulitegemeza katikati. Wengi walitabiri kwamba mbao za kulishikilia zikiondolewa, litaporomoka. Mwaka 1879 paa lilikamilika, mbao zikaondolewa, nalo halikuporomoka. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya altare.

Maswali
(a) Taja tofauti moja kati ya kazi ya msanifu na kazi ya fundi.
(b) Mwandishi ana maana gani anaposema ramani haichanganyi chokaa?
(c) Kisa cha nguzo kinatufundisha nini kuhusu usimamizi?
(d) Fupisha aya ya mwisho kwa maneno yasiyozidi 30.