Habari za Booker T. Washington, Aliyejenga Shule Pamoja na Kijiji

Katika siku za Jubilei desturi yetu ni kuhesabu miaka na kuwakumbuka waliotutangulia, wale walioweka jiwe la kwanza la makanisa na shule zetu. Habari hii ni ya mtu aliyezaliwa mbali, huko Marekani, wala hakuiona nchi yetu hata siku moja. Walakini kazi yake ilifika mpaka kwetu, kama itakavyoonekana. Jina lake Booker Taliaferro Washington. Inafaa walimu na wazazi waijue habari yake, maana maisha yake yote alijiuliza neno ambalo sisi nasi twajiuliza: mtoto wa shamba, akaaye mbali na mji, atasoma wapi, na akiisha kusoma atawafaa nini watu wa kwao?

Alizaliwa mtumwa mwaka 1856, katika shamba la tumbaku la Virginia. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi. Baba yake alikuwa mzungu ambaye mtoto hakumjua. Walikaa katika kibanda kilichokuwa ndilo jiko la shamba, na watoto walilala chini juu ya matambara. Mara kwa mara Booker alitumwa kumchukulia vitabu binti wa bwana wake mpaka mlango wa shule. Aliwaona watoto wa kizungu wamekaa wakisoma, akatamani sana. Lakini mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuingia.

Mwaka 1865 vita vilikwisha, watumwa wakapata uhuru. Mama akawachukua watoto wake mpaka Malden, katika West Virginia, alikokuwa baba yao wa kambo akifanya kazi katika matanuru ya chumvi. Booker, ijapokuwa mdogo, akatiwa kazini. Mapipa ya baba yake yalitiwa alama ya 18, na tarakimu hiyo ndiyo maandiko ya kwanza aliyoyajua. Shule ilipofunguliwa, baba hakutaka kupoteza ujira wa mtoto. Basi wakapatana kwamba afanye kazi toka alfajiri hata saa tatu, ndipo aende darasani, na jioni arudi kazini. Mwalimu alipoita majina, Booker akaona kila mtoto ana majina mawili, naye analo moja tu. Akajichagulia jina la Washington.

Baadaye alipelekwa katika mashimo ya makaa ya mawe, na huko gizani akawasikia watu wawili wakizungumza habari za shule ya Hampton, ambako kijana maskini aweza kulipa chakula chake kwa kazi ya mikono. Hata mwaka 1872 akashika njia, mwendo wa maili 500, mara kwa gari, mara kwa miguu. Alipofika mji wa Richmond fedha ilikuwa imemwishia. Akalala chini ya njia ya mbao, na mchana akapakua shehena ya meli ili apate chakula na nauli. Alifika Hampton na senti 50 tu, nguo zake chafu, hata mwalimu mkubwa, Bibi Mary Mackie, akasita kumpokea. Mwisho akampa ufagio afagie chumba kimoja. Akakifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, hata bibi alipopitisha kitambaa chake ukutani na mezani hakupata vumbi. Ndio mtihani wake wa kuingia. Akamaliza masomo mwaka 1875, akarudi Malden kufundisha, na baadaye akaitwa awe mwalimu hapo Hampton.

Sasa twafika Tuskegee. Mji huu wa Alabama ulikuwa na watu kama 2,000, na kando yake mashamba ya pamba pande zote. Fundi mmoja aliyekuwa mtumwa zamani, Lewis Adams, mjuzi wa bati, viatu na hatamu, aliendewa na mzungu aliyetaka kura za watu weusi ili aingie katika baraza la nchi. Adams hakuomba fedha wala cheo, aliomba shule. Basi mwezi wa Februari 1881 sheria ikapitishwa, ikatoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya walimu. Walakini haikutoa kiwanja wala nyumba. Jemadari Armstrong, mkuu wa Hampton, alipoombwa mwalimu, akamtaja Bwana Washington, kijana wa miaka 25.

Kabla ya kufungua shule, Bwana Washington alizunguka vijijini karibu mwezi mzima kwa gari la nyumbu, akala na wenyeji, akalala katika vibanda vyao vya chumba kimoja. Akaona pamba imepandwa mpaka mlangoni, wala hapana bustani ya mboga. Chakula chao ni nyama ya nguruwe yenye mafuta na mkate wa mahindi. Akaona cherehani ya dola 60 inayolipwa kidogo kidogo, wala haitumiki, na nyumba yenye kinanda ambayo mezani ilikuwa na uma mmoja kwa watu watano. Akamwona kijana mwenye nguo chafu, na kiwanja chake kimeota magugu, akisoma kitabu cha lugha ya Kifaransa. Kutokana na safari hiyo alitambua kwamba shule ya vitabu peke yake haitawatoa watu hawa katika deni.

Shule ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881, wanafunzi 30, katika kibanda kibovu karibu na kanisa. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli ili masomo yaendelee. Baada ya wiki chache akaja Bibi Olivia Davidson kumsaidia, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Wakanunua shamba la ekari 100 kwa dola 500, nusu yake kwa mkopo wa mweka hazina wa Hampton. Banda la kuku likasafishwa likawa darasa. Watu wa kijiji wakachanga walivyoweza. Mwanamke mzee, aliyepata kuwa mtumwa, mwenye miaka kama 70, alileta mayai sita, akataka yatumike katika kuwasomesha vijana.

Wanafunzi walipoambiwa wafyeke msitu walinung'unika, maana walidhani kwamba mtu husoma ili aepukane na jembe. Bwana Washington akachukua shoka, akatangulia mbele, nao wakamfuata. Wazazi wengine wakaandika barua, wengine wakaja wenyewe, kukataza watoto wao wasifanyishwe kazi. Hakugeuka, wala hakuwadharau, aliwaendea akawaeleza.

Kazi iliyowatesa kupita zote ni matofali. Tanuru la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, na la tatu likaanguka lilipokuwa karibu kwisha. Fedha hazikuwapo tena. Akaenda Montgomery, akaweka saa yake rehani kwa dola 15, wakajenga tanuru la nne, nalo likafaulu. Saa yake hakuikomboa kamwe. Lakini wazungu wa Tuskegee, hata wale wasioipenda shule, wakaja kununua matofali, maana yalikuwa mazuri na hapakuwa na mengine karibu. Baadaye wanafunzi wakafyatua zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na karibu majumba yote ya shule yakajengwa kwa mikono yao.

Asiyekuwa na ada hakufukuzwa. Mwaka 1884 ilianzishwa shule ya usiku: kijana alifanya kazi saa kumi mchana, akasoma saa mbili usiku, na ujira wake ukawekwa akiba kwa masomo ya mchana ya baadaye. Toka mwaka 1892 wakulima waliitwa kila mwaka wakutane wasemezane habari za deni na ardhi. Mwaka 1896 akaja George Washington Carver, mjuzi wa mimea. Na mwaka 1906 likatengenezwa gari la kukokotwa, lenye vyombo vya ukulima na vya maziwa, likapeleka mafundisho mpaka shambani kwa wasioweza kuja. Kisha, kwa msaada wa tajiri Julius Rosenwald, zikaanza kujengwa shule ndogo za mashamba, sita za kwanza karibu na Tuskegee. Hata mwaka 1932 zilikuwa karibu 5,000 katika majimbo 15.

Walakini haifai kumsifu mtu kwa kuficha yaliyo magumu. Katika hotuba yake ya Atlanta, mwaka 1895, aliwashauri watu wake watangulize kazi na mali, wasishindanie haraka usawa na wazungu. Mwenye elimu mkubwa, W. E. B. Du Bois, alimpinga mwaka 1903, akionya kwamba fundi asiye na kura hana ngao ya kuikinga nyumba yake, na kwamba walimu wa shule za kazi nao sharti wapate elimu ya juu. Na kweli, mwaka 1901 Alabama iliwanyang'anya watu weusi karibu wote kura zao, kura zile zile zilizoizaa shule ya Tuskegee. Baada ya kufa kwake ilijulikana kwamba Bwana Washington alitoa fedha kwa siri ili sheria hizo zishtakiwe mahakamani. Hadharani alinyamaza, na kunyamaza huko kunabishaniwa hata leo.

Alifariki Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915. Shule iliyoanza kibandani ilikuwa na majumba zaidi ya 100, wanafunzi kama 1,500, na kazi 38 zikifundishwa. Leo ni chuo kikuu.

Kwetu kazi yake ilifikaje? Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilitembelea shule za Afrika ya Mashariki, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, iitwayo sasa Ghana. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa mfano wa shule za mashamba za Marekani. Walimu walikuja pamoja na wake zao, wakajifunza afya, ukulima na ufundi, kisha wakatembelea shule za vijijini kuziimarisha. Wazazi wengi wa Kenya walishuku kwamba elimu hii ni ya kuwazuia watoto wao wasipande juu. Yalikuwa mabishano yale yale ya Bwana Du Bois, nayo yalikuwa na haki yake.

Basi, walimu, tuyachukue yote mawili. Tusimfunge mtoto kwa jembe, wala tusimfundishe kulidharau. Na kabla ya kufungua daftari la majina, tutembee kijijini, tuketi na watu, tuone wanakula nini na wanadaiwa nini; ndipo tutajua cha kufundisha.